Visiwa vya Nchi Kavu: Mhadhara juu ya vijiji vya wavuvi, kutoka Kagunga hadi Kalya

Nawashukuru waandaaji kwa kuchagua juma la mbalamwezi. Lingekuwa juma la giza, viti hivi vya mbele vingebaki vitupu, na wavuvi wenyewe wangekuwa katikati ya ziwa wakiwasha taa. Nawaomba radhi mapema wavuvi mliopo hapa: mengi nitakayoyataja mnayajua kuliko mimi. Nimekuja kuyapanga tu, ili wasiokuwa wavuvi wayaone yakiwa pamoja.

Kusudi la mhadhara huu ni moja. Nataka kuonyesha kwamba vijiji vya ufukweni tunavyoviita vya pembezoni havikuzaliwa pembezoni, bali vilisogezwa huko. Na kwamba kinachovibana zaidi leo ni kukosa uhakika wa safari. Nikisema uhakika wa safari sina maana ya chombo kizuri, wala cha kasi. Nina maana ya mwanakijiji kujua kwamba chombo kitafika siku fulani na kuondoka saa fulani, abiria wawe wengi au wachache. Samaki, zahanati, shule, hata sheria za uvuvi, vyote nitavipitishia katika tundu hilo moja la sindano, nanyi mtapima kama uzi umepita.

Kwanza nieleze kichwa cha habari. Upande wetu wa Ziwa Tanganyika una visiwa vichache, tena vidogo, na mtu akitaka kuzungumzia maisha ya kisiwani Tanzania hukimbilia Ukerewe au Mafia. Lakini tuna visiwa ambavyo ramani haivionyeshi. Kagunga, karibu na mpaka wa Burundi, imeegemea mlima mkali kiasi kwamba mgongoni mwake ni vigumu kupitisha gari, na mbele yake ni maji. Mwamgongo na Mtanga zimebanwa na mlima huohuo, na katikati yao iko Hifadhi ya Gombe. Kusini, milima ya Mahale imevifanyia hivyohivyo vijiji vya wilaya ya Uvinza, tukishuka hadi Kalya. Kisiwa ni mahali ambapo mgonjwa, gunia na barua haviwezi kutoka ila kwa chombo cha majini. Kwa kipimo hicho, ufukwe wetu ni funguvisiwa refu lililoshikamana na bara.

Hoja ya kwanza: umbali una historia

Anayesema Kagunga iko mbali inafaa aulizwe: mbali na wapi? Kwenda Nyanza-Lac, nchini Burundi, ni safari fupi kuliko kuja Kigoma mjini, na ndiyo maana biashara ya Kagunga imekuwa ikitazama kaskazini siku zote. Mwaka 1858 Burton na Speke walipofika Ujiji na kutaka kwenda Uvira, hawakuuliza njia ya miguu. Walihangaika kutafuta mitumbwi na wapiga makasia. Mwaka 1871 Livingstone na Stanley, baada ya kukutana hapo Ujiji, walipanda mtumbwi wakaufuata ufukwe huuhuu hadi ncha ya kaskazini, wakathibitisha kwamba mto Ruzizi unaingia ziwani wala hautoki. Chumvi ya Uvinza ilivuka maji haya kwenda ng'ambo kabla Mzungu yeyote hajauliza jina la ziwa. Katika dunia ile ufukwe ndio uliokuwa njia kuu, na aliyekuwa mbali ni mtu wa milimani, aliyelazimika kuteremka na mzigo kichwani ili aifikie.

Mambo yaligeuka mwaka 1914, reli ya kati ilipofika Kigoma. Tangu hapo umbali ukaanza kupimwa kutoka kituo cha treni. Ujiji yenyewe, mji uliokuwa mwisho wa msafara kutoka Bagamoyo, ikawa kiambatisho cha Kigoma, kwa kuwa ghuba ya Kigoma ina kina kinachofaa meli. Wazee wa Ujiji hawahitaji kusomewa somo hili. Kama mji mkubwa kiasi kile uliweza kusogezwa pembeni bila kuhama hata hatua moja, kijiji cha wavuvi hakikuwa na la kujitetea.

Lakini reli ilikuja na mwenzake. Meli iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 ilifunguliwa vipandevipande, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam, ikapanda treni, ikaunganishwa upya hapa Kigoma na kuingia majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Goetzen. Mwaka uliofuata Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa Malagarasi ili adui asiichukue. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina tunalolijua sote, Liemba. Watalii huipenda hadithi hii kwa sababu ya vita. Mimi naitaja kwa sababu ya ratiba. Kwa miongo mingi Liemba ilishuka kusini hadi Mpulungu, Zambia, ikisimama mbele ya vijiji ambavyo karibu vyote havikuwa na gati. Mitumbwi iliikimbilia usiku wa manane, watu wakapanda na kushuka kwa kushikana mikono, magunia ya dagaa yakavutwa juu kwa kamba. Ilikuwa safari ya shida, na katika miaka yake ya mwisho ilipita kila baada ya wiki mbili tu. Hata hivyo mtu wa Kalya aliweza kusema, "Jumatano ile meli inang'oa nanga Kigoma," na kupanga mambo yake kwa kauli hiyo. Ilipoegeshwa mwishoni mwa miaka ya 2010 kusubiri ukarabati, Kalya haikusogea hata hatua moja, lakini ilikuwa mbali zaidi kuliko juzi yake.

Kuna ushahidi mwingine wa kwamba umbali huu hautokani na maumbile. Mwaka 2015, machafuko yalipoanza Burundi, makumi ya maelfu ya wakimbizi walimiminika Kagunga katika muda wa wiki chache. Kipindupindu kikazuka. Kijiji kikajulikana dunia nzima. Ndipo Liemba, iliyokuwa na umri wa karne moja, ikapelekwa kaskazini, ikabeba watu mamia kwa mamia kila safari, mwendo wa saa tatu hivi hadi Kigoma, ikaenda na kurudi mpaka ufukwe ukabaki wazi. Sidharau hata kidogo kazi ile, iliokoa maisha. Nauliza tu jambo ambalo wenyeji wa Kagunga wana haki ya kuuliza. Umbali uliofutwa kwa wiki chache kwa ajili ya wageni ulirejeaje palepale wageni walipokwisha kuondoka?

Hoja ya pili: dagaa hawangoji

Hapa nawaomba subira, maana ndipo penye kiini cha maneno yangu. Ziwa letu lina kina cha mita 1,470 hivi, la pili duniani baada ya Baikal, na urefu wa kilomita zaidi ya 670. Ukubwa huo unadanganya. Hewa ambayo samaki huvuta imo katika tabaka la juu tu. Chini ya hapo, sehemu kubwa ya ziwa ni maji ambayo samaki hawezi kuishi. Ndani ya tabaka hilo jembamba ndimo wanamoishi dagaa na migebuka, ambao ndio sehemu kubwa kabisa ya uvuvi wa kibiashara. Usiku dagaa hupanda juu wakifuata vijidudu wanavyovila, na mvuvi huwavuta kwa mwanga, zamani kwa karabai, siku hizi zaidi kwa taa za betri na sola. Mwezi ukiwa mpevu ziwa zima lina taa, na taa ya mvuvi haina kazi. Kwa hiyo uvuvi wetu una kalenda ambayo haikuandikwa na wizara yoyote: siku za giza ni za kazi, siku za mbalamwezi ni za kushona nyavu, kutengeneza mitumbwi, kuoa na kuzika.

Sasa tazameni kinachotokea alfajiri. Mitumbwi inarudi ikiwa na mzigo ambao utaanza kuharibika jua likipanda. Katika mwalo wa Kibirizi, au hapa Ujiji, wanunuzi ni wengi na mji uko mgongoni. Katika kijiji kisicho na barabara, mvuvi ana njia mbili: ama amuuzie aliye na boti pale ufukweni asubuhi ileile, ama dagaa waanikwe. Kuanika ni kazi ya wanawake zaidi, tena ni kazi ya kubahatisha. Kilo tatu hadi nne za dagaa wabichi hutoa kilo moja ya wakavu. Waliokaukia mchangani huuzwa kwa bei ya chini kuliko waliokaukia kichanjani, na masika mvua moja ya mchana hugeuza kazi ya usiku mzima kuwa chakula cha bata. Wakikauka vizuri wanakuwa dagaa wa Kigoma, jina ambalo sokoni Dar es Salaam halihitaji kuelezwa na ambalo mnunuzi yuko tayari kulilipia.

Kati ya kichanja cha Mwamgongo na Kigoma mjini, ambako safari ya soko la Dar es Salaam huanzia, kuna pengo dogo sana kwa kilomita, na pana sana kwa mashaka. Boti itakuja kesho au keshokutwa? Itakuwa na nafasi? Injini itakuwa nzima? Mama mwenye magunia matano hawezi kungoja bei nzuri, kwa sababu hajui anangoja nini. Anauza kwa yeyote aliyefika. Na huyo aliyefika, mara nyingi, ndiye msafirishaji, ndiye mnunuzi, ndiye pia aliyekopesha nyavu na petroli, kwa makubaliano kwamba samaki watauzwa kwake. Watu wa mjini husikia habari hizi wakasema tajiri ni mnyonyaji. Ningewaomba wasikimbilie neno hilo. Tajiri naye anabeba mashaka yaleyale: hajui ziwa litakuwaje, hajui kama wahalifu wa majini watampora injini njiani, hajui kama atakuta mzigo. Anayefanya biashara gizani hununua kwa bei ya gizani. Ukimwondoa huyu bila kuondoa mashaka, atakuja mwingine mwenye bei ileile.

Ndiyo maana nasema kichanja peke yake hakitoshi, na ghala peke yake halitoshi, na mtambo wa barafu peke yake hautoshi. Kila kimoja kati ya hivyo ni kifaa cha kusubiri. Humsaidia mtu kuahirisha kuuza hadi wakati bora. Lakini kusubiri kuna faida pale tu unapojua unasubiri nini. Barafu inayongoja boti isiyo na siku yake ni maji tu yaliyochelewa. Uhakika wa safari ndio unaovipa vifaa hivi thamani, na ningependa kila mfadhili anayekuja na michoro ya vichanja aulizwe kwanza swali moja: mzigo utaondoka siku gani?

Hoja ya tatu: mwalimu, muuguzi na mama mjamzito

Hoja hii ni fupi kwa sababu haina ubishi. Mwalimu anayepangiwa kijiji cha ufukweni anaweza kuvumilia nyumba mbovu; kinachomshinda ni kutojua atafikaje mjini kufuata haki zake na atarudi lini. Muuguzi anaweza kufanya kazi na dawa chache akijua boksi lingine linakuja Alhamisi. Kwa mama mjamzito ambaye uchungu umegeuka kuwa hatari, ratiba haisaidii. Huyo anahitaji boti ya wagonjwa yenye mafuta ndani yake, na mafuta hayo yasiwe ya kuchangishwa wakati yeye amelala kwenye mkeka. Lakini kwa mama mwingine, aliyeambiwa kliniki kwamba mimba yake inataka hospitali, chombo chenye siku yake ni tofauti kati ya kuondoka mapema na kungoja mpaka iwe dharura.

Mapingamizi

Pingamizi la kwanza husemwa kwa sauti ya chini, lakini husemwa: kwa nini watu hawa wasihamie penye barabara? Nchi hii ilikwisha kulijaribu jibu hilo. Katika miaka ya 1970, Operesheni Vijiji ilihamisha mamilioni ya Watanzania, na mkoa wetu ulikuwa miongoni mwa ya mwanzo. Sitaki kufungua kesi ile upya jioni hii. Natosheka kusema kwamba mkulima akihamishwa hupewa shamba jingine, ila hakuna anayeweza kumgawia mvuvi ziwa kando ya barabara. Tena vijiji hivi havina samaki peke yake. Vina michikichi na mawese, vina muhogo, na Kagunga ina mpaka wenye biashara. Watu wako pale kwa sababu zenye akili.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na waliolileta ni wataalamu: samaki wanapungua, basi kwa nini tuwekeze katika uchumi unaozama? Kupungua kupo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 katika jarida la Nature ulieleza kwamba joto la maji ya juu limeongezeka, hivyo maji ya juu na ya chini hayachanganyiki kama zamani, na rutuba iliyolala vilindini haipandi kulisha viumbe vidogo ambavyo dagaa huvila. Watafiti wale walikadiria kwamba uzalishaji wa chakula hicho ulishuka kwa asilimia 20 hivi, na kwamba samaki walioweza kuvuliwa walipungua kwa asilimia 30 hivi. Utafiti mwingine, wa mwaka 2016, uliosoma matope ya sakafuni mwa ziwa, ulionyesha kwamba kushuka huko kulianza hata kabla uvuvi wa kibiashara haujashamiri. Juu ya hayo tumeongeza wavuvi, taa na makokoro yenye macho madogo yanayozoa mazalia. Nchi nne zinazolizunguka ziwa hili, zilizotia saini mkataba wa pamoja mwaka 2003, zimekubaliana kulipumzisha kwa vipindi. Kwetu Tanzania lilifungwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024.

Nayakubali yote hayo, na nasema yanaipa nguvu hoja yangu. Samaki wakipungua, kila kilo inayoozea ufukweni ni samaki aliyeuawa bure, na mvuvi anayepata bei mbaya hulipiza kwa kuvua zaidi. Njia ya kumwezesha avue kidogo ni kidogo hicho kimlipe. Kuhusu kufunga ziwa, wavuvi si wageni wa kupumzika. Mwezi umewafundisha hilo tangu babu zao. Ugumu wa miezi mitatu ni kwamba mzigo wake haugawanyiki sawa. Mvuvi wa Katonga au Ujiji anaweza kuingia mjini akabeba zege au akaendesha bodaboda. Mvuvi wa Kagunga amefungiwa ziwa ambalo ndilo mlango wake. Angekuwa na chombo cha uhakika, angeweza kuuza mawese na muhogo wake kwa bei ya maana katika miezi hiyo, na amri ya serikali ingemfikia ikiwa na sura ya utaratibu badala ya sura ya adhabu. Lakini sitaficha upande wa pili: usafiri mzuri unaweza pia kuleta wanunuzi wengi, na wanunuzi wengi wakaleta nyavu nyingi. Hatari hiyo ni ya kweli, na sina dawa yake nyingine ila vikundi vya usimamizi wa mialo (BMU) vyenye meno, ambavyo wajumbe wake hawaogopi kumtaja jirani. Chombo na ulinzi wa rasilimali viende pamoja, au tutakuwa tumejenga njia nzuri ya kulimaliza ziwa.

Pingamizi la tatu husema boti za watu binafsi zipo na zinatosha. Zipo, na wenye boti hizo wanastahili heshima. Bila wao ufukwe huu ungekuwa umekufa zamani. Lakini boti ya biashara huondoka ikijaa, na hapo ndipo uhakika unapokufa. Ikijaa upesi huzidisha. Isipojaa hailali njaa kwa ajili ya abiria watatu. Najua mtanijibu kwamba vyombo vikubwa navyo viliua. Ni kweli. Katika Ziwa Victoria MV Bukoba ilizama Mei 1996, na MV Nyerere, iliyokuwa na uwezo wa kubeba watu 101, ilipinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018 na kuua zaidi ya 220. Tuitazame hiyo ya pili vizuri. Ilikuwa siku ya gulio. Watu walipanda kwa wingi ule kwa sababu haja ya kuvuka siku hiyo ilikuwa kubwa kuliko chombo, na hakuna aliyetaka kubaki ng'ambo akingoja. Abiria anayejua chombo kingine kinakuja baada ya saa mbili hushuka akiambiwa kimejaa, asiyejua hung'ang'ania. Kuzidisha abiria mara nyingi ni mtoto wa mashaka, na nahodha mkali peke yake hawezi kumlea mtoto huyo.

La nne ni barabara. Niseme wazi, nisije nikanukuliwa vibaya kesho: naiunga mkono barabara ya Mwandiga, Chankele hadi Kagunga, na nyingine zote. Ila barabara hupita nyuma ya milima na kuteremka mahali pamoja, na vijiji vilivyo kulia na kushoto vitaendelea kuingia majini ili viifikie. Kandokando ya ufukwe haiwezi kufuata, kwa sababu ya miteremko na kwa sababu ya Gombe. Na mlima uliokatwa vibaya humwaga udongo wake ziwani, juu ya mawe ambako samaki huzaa. Watu wa mradi wa TACARE, ulioanza mwaka 1994, wametumia miaka mingi wakiwashawishi wanavijiji kuiacha miteremko ile iote miti tena. Barabara itasaidia. Haitaifanya njia ya maji iwe ya zamani.

Yanayowezekana

Nimalizie kwa yale ambayo, kwa maoni yangu, yako ndani ya uwezo wetu. Tunapochonga barabara ya vumbi kwenda kijiji cha kahawa, hatuiulizi kama imelipa gharama zake. TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, iliundwa mwaka 2017 kwa msingi kwamba njia ni huduma. Kwa nini njia ya maji ndiyo pekee inayotakiwa kujilipia nauli kwa nauli? Mtu wa Magogoni, Dar es Salaam, huvushwa kwa kivuko cha serikali, na hakuna anayemwita mzigo kwa taifa. Ninachopendekeza kwa ufukwe wetu ni kidogo kuliko kivuko: mikataba ya huduma na wenye boti walewale waliopo, ambamo halmashauri humlipa mwenye boti ili aondoke siku na saa iliyotajwa hata akiwa na abiria watano, akaguliwe, awe na maboya, na akatwe fedha akichelewa.

Na ratiba yenyewe ifuate mwezi. Hili nalisisitiza kwa sababu sijaona linapangwa hivyo popote ofisini, ingawa kila mvuvi aliyekaa hapa angelipanga hivyo. Juma la giza lina mzigo mwingi: safari ziwe nyingi, na ziondoke mchana baada ya dagaa wa jana kukauka. Juma la mbalamwezi ziwe chache lakini zisikatike, kwa ajili ya wagonjwa, wanafunzi na wanaokwenda benki. Kalenda ya namna hiyo yaweza kupigwa chapa kwa mwaka mzima mbele, maana mwezi haubadilishi ahadi zake, na ikabandikwa katika kila mwalo na kutumwa kwenye simu.

Kuhusu magati, tujifunze kwa ziwa. Katika karne ya 19 mto Lukuga, ambao ndio mlango wa kutokea maji, uliziba, ziwa likapanda kwa miaka mingi, na mwishoni mwa miaka ya 1870 ukafunguka, likashuka tena. Mahali ambapo wazee hutuonyesha walipokutana Livingstone na Stanley pako leo mbali na maji. Na katika miaka hii ya karibuni tumeona maji yakipanda na kumeza mialo, nyumba na majengo. Ziwa linalopanda na kushuka namna hiyo linataka magati yanayoelea, yanayopanda nalo na kushuka nalo. Saruji iliyomwagwa kwa kipimo cha mwaka mmoja itakuja kuwa chini ya maji, au juu kiasi cha kutofikika.

Mwisho, reli. Mkataba wa kujenga reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma ulitiwa saini mwaka 2022, na kuna tawi lililopangwa kutoka Uvinza kwenda Burundi. Kwa mara ya pili katika historia yake, ufukwe huu unasubiri treni. Ile ya 1914 ilipofika, hakuna aliyeketi na watu wa Mtanga au Kalya kuwauliza mzigo wao utafikaje kituoni. Safari hii kuna muda wa kuuliza, kabla behewa la kwanza halijafika na kabla bei za viwanja vya Kigoma mjini hazijamaliza mazungumzo yote. Wenye majibu wamo humu ukumbini, Mheshimiwa Mwenyekiti, na mwezi umeanza kuchelewa kuchomoza. Baada ya siku chache hatutawapata. Naomba maswali yaanzie viti vya mbele.